Bonde Lisilo na Msusi

Tuanze na mwanamke mwenyewe, maana bila yeye hakuna la kusimulia. Alikuwa msusi, na mtaani walimwita Mkono Mwepesi, kwa sababu hata yule mtoto anayeanza kulia akiona chanuo kwa mbali, akishakaa katikati ya magoti yake alisinzia. Saluni yake ilikuwa nusu ya chumba: kioo kilichopasuka pembeni, benchi la wateja, na pazia. Nyuma ya pazia ndiyo nyumba. Huko yeye, mumewe na watoto wao wawili walilala, walikula na kugombana. Ukikaanga kitunguu, mteja anaondoka ananukia kitunguu. Mteja akicheka kwa sauti, mtoto aliyelala anaamka.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache na mikono inayonuka kutu. Kazi zilikuwa zimeadimika, na alianza kile kitabia cha wanaume wasio na kazi, cha kukaa mlangoni na kumshauri kila anayepita.

Habari za bonde zililetwa na wifi, yaani dada wa huyo fundi bomba. Alikuwa amehamia huko na mumewe, aliyekuwa msimamizi wa pampu kwenye shamba kubwa la mboga, na siku za karibuni simu zake zilikuwa haziishi. Nyumba ya vyumba vinne! Bomba ndani kwa ndani, unafungua maji yanatoka! Shule hatua mbili tatu! Na kazi ya pampu inamsubiri kaka yake, aseme tu ndiyo. Msusi aliyasikiliza hayo yote kwa sikio moja. Lililomwingia moyoni ni moja tu, ambalo wifi alilirusha mwishoni kama utani.

"Na wewe wifi yangu, utachoka mwenyewe! Bonde zima hili, wanawake wamejaa tele, na hakuna msusi hata mmoja."

Hata mmoja! Hebu mwambie muuza maji kuna mji usio na kisima, uone kama atapata usingizi. Mtaani kwake kulikuwa na saluni kila kona, wasusi wanagombania kichwa kimoja kama kuku na punje. Sasa mtu mwenye akili zake angejiuliza, mbona hakuna? Wanawake wote hao, hata mmoja wao hajui kushika chanuo? Lakini tamaa haitaki kukaa na maswali nyumba moja. Msusi alishaanza kuchagua rangi ya ukuta wa saluni mpya.

Mumewe ndiye aliyevuta kamba. "Kizuri chajiuza," alisema, "kibaya chajitembeza. Bonde gani hilo linalotupigia simu kila siku?"

"Anayepiga ni dada yako, siyo bonde."

"Ndiyo maana nashangaa. Dada yangu huyu kuniazima nyundo tu ilikuwa vita, leo ananipa nyumba?"

"Basi kaa hapa mlangoni uhesabu wapita njia."

Walivutana hivyo mpaka wakafikia mwafaka. Binti yao mkubwa, aliyekuwa darasa la tano, atangulie kwa shangazi yake likizo nzima. Likizo ikikaribia kwisha watamfuata, watatazama kwa macho yao, kisha waamue.

Siku moja kabla ya safari, Msusi alimketisha binti na kumsuka kama hajawahi kumsuka mtu. Mistari myembamba iliyoanzia kwenye paji, ikazunguka masikio, ikapanda utosini na kukutana kisogoni, kila ncha imefungwa kwa uzi. Alikaza vizuri, ikae likizo nzima unywele usichomoke.

"Wewe ndiye bango langu," alimwambia. "Wakiuliza nani kakusuka, sema mama. Na asikufumue mtu. Nitakufumua mwenyewe."

"Hata zikiwasha?"

"Zikiwasha gonga kwa kiganja. Bango halijikuni."

Wakacheka wote wawili.

Likizo ilipokaribia kwisha, walimwacha mtoto wao mdogo, Kibonge, kwa jirani, wakasafiri. Na tusidanganyane, bonde lilikuwa zuri. Ulitokeza juu ya kilima ukaona kijani kimetandazwa chini kama shuka jipya, mifereji imenyooka, mabanda ya plastiki yanameremeta, nyumba za wafanyakazi zimepangwa safu safu na mabati yake mekundu. Harufu tu ndiyo iliyomgusa Msusi pua. Ilikuwa kama ya dawa ya mende, lakini ya mbali, na baada ya muda hukuisikia tena. Fundi bomba alisimama barabarani akatazama mabomba makubwa yakipita juu ya mifereji, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akapiga mluzi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Wifi alipiga kelele kutoka kibarazani, akaja mbio, akamkumbatia Msusi na kumng'ang'ania kuliko ilivyokuwa kawaida yao. Alikuwa amekonda. Kichwani alifunga kilemba kilichoshuka mpaka kwenye nyusi.

Binti naye akatoka. Mistari yake ilikuwa vilevile kama mama alivyoiacha, imelala kwa adabu, haina hata unywele uliosimama. Msusi akajisifu moyoni. Nyuma ya binti walitoka watoto watatu wa wifi, wawili wa kike na mmoja wa kiume, na wote vichwa vimenyolewa vikang'aa.

"Makubwa! Hawa wanangu wamekosa nini mpaka wakanyolewa?" Msusi alitania.

"Joto, wifi. Huku ni joto na vumbi. Usafi tu."

Nyumba ilikuwa kweli ya vyumba vinne. Bomba lilikuwa kweli ndani. Fundi bomba alilifungua, akalifunga, akalifungua tena, kama mtoto aliyepewa kengele. Binti akamshika mama mkono na kumpeleka kwenye chumba cha nyuma. "Hiki shangazi amesema kitakuwa changu," alinong'ona. "Peke yangu, mama. Na mlango unafungwa." Maskini, mtoto aliyekulia nyuma ya pazia, mlango kwake ulikuwa utajiri.

Asubuhi yake wakiwa mezani wanakunywa chai, kikalia king'ora. Kilikuwa kifupi, kama cha kubadilisha zamu kiwandani. Wifi alikuwa katikati ya sentensi, na hakuikatisha. Aliendelea kusimulia habari za mwalimu wa shule huku anainuka, anafunga dirisha la kwanza, anafunga la pili. Watoto wale watatu walitoka uani mbio bila kuitwa. Mmoja akatia komeo, mmoja akafunika ndoo ya maji, na wa tatu akachukua tambara lenye unyevu na kulisokomeza chini ya mlango. Kisha wakakaa sakafuni, kimya.

Na binti? Binti alikuwa ameshika tambara la mlango wa nyuma. Alilikunja mara mbili, akalikandamiza kwa kisigino, akaja kukaa na wenzake. Hakuna aliyemwelekeza. Msusi alimtazama, akaweka kikombe chini.

Nje likapita trekta lenye tangi mgongoni, na kioo cha dirisha kikafanya ukungu.

"Dawa ya wadudu tu," wifi alisema. "Muda si mrefu inatulia. Mwanzoni unaona ajabu, baadaye husikii hata king'ora."

"Kila siku?" aliuliza Msusi.

"Siyo kila siku," alisema shemeji, mume wa wifi, mtu mpole ambaye alipenda kuangalia sahani yake. "Msimu wa mboga ndiyo kila siku."

"Na msimu wa mboga ni lini?"

Shemeji akamtazama mkewe. "Huku mboga hazina msimu," akajibu.

Mchana huo Msusi alibeba kapu lake la chanuo na nyuzi, akamshika bango lake mkono, wakaenda kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Kila mlango waliwakaribisha vizuri. Kila mwanamke alimsifia binti mistari yake, akaitazama kwa muda mrefu, wengine wakamgusa shavu. Lakini ukitaja kusuka, wanakumbuka kazi. Leo hapana, dada. Joto, dada. Labda mwezi ujao. Na vichwa vyote vilikuwa vilemba, vilemba, vilemba, vimekazwa mpaka kwenye nyusi, nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho.

Kisimani, pale wanapofulia, msichana mmoja mwenye maneno aliangalia lile kapu. "We dada ni msusi?"

"Ndiyo, mdogo wangu. Karibu nikutengeneze."

"Umekuja kusuka, huku?" Msichana akaanza kucheka. Alicheka akainama, akashika ukingo wa beseni, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kukatika. Wenzake waliendelea kufua bila kuinua macho. Msusi alimshika binti mkono wakarudi nyumbani haraka, na njiani hakupiga hodi tena.

Jioni jua lilipopoa, wanaume walikwenda kuangalia pampu. Msusi akamwambia wifi, "Kaa nikusuke. Nilikusuka siku ya harusi yako, nywele zikanivunjia chanuo mbili. Nataka kisasi."

Wifi alikataa. Akakataa tena. Halafu ghafla, kama mtu aliyechoka kubeba kitu, akafunga mlango wa chumba na kukaa kwenye kigoda, mgongo kwa Msusi.

"Lakini wewe ni msusi," alisema. "Na msusi hasemi alichokiona kichwani kwa mtu."

Hiyo ni kweli. Ni sheria ya kazi yao, na Msusi aliishika kuliko hata baadhi ya viapo vya ndoa. Mapunye, makovu, upara, alama za kipigo, kila kitu aliona, akanyamaza. Ndiyo maana wanawake walimwamini.

"Sisemi," alijibu.

Kilemba kikafunguliwa. Jamani! Kichwa kile alichokijua, kilichomvunjia chanuo mbili, kilikuwa kimebaki na vijishungi vilivyotengana kama majani ya mwisho wa kiangazi. Katikati ngozi ilikuwa tupu, nyembamba, ina rangi mbili. Msusi alikigusa kwa ncha ya kidole na shungi moja likahamia kidoleni.

"Ni maradhi yangu mimi," wifi alisema bila kugeuka. "Wengine hawajambo."

"Wengine wanafunga vilemba."

"Joto."

"Na watoto wako?"

Wifi aliinamisha kichwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Msusi alimfunga kilemba tena taratibu, akatoka moja kwa moja mpaka uani, akamwita binti na kumpitisha kiganja kichwani, mbele, pembeni, kisogoni. Mistari ilikuwa imekaza imara. Hakuna kilicholegea. Alivuta pumzi, akamshukuru Mungu, na akaamua palepale kwamba hahamii huku hata kwa vyumba kumi.

"Kaa nikufumue basi," alimwambia binti.

"Bado, mama! Zinapendeza. Tukifika." Na binti akachoropoka mbio.

Wakati wa chakula, fundi bomba alirudi anang'aa. Aliongea meza nzima, yeye mtu wa maneno machache. Pampu zenyewe, mama watoto, ungeziona! Shemeji alikunywa maji, akasema kwa furaha ya kweli, "Basi mkiingia ninyi tu, sisi tunapewa ruhusa. Shamba halimwachii msimamizi mpaka alete familia ya kushika nyumba na pampu. Nimetafuta sana mtu, lakini..."

Wifi aliweka kijiko chini kwa kishindo. "Mwongezee kaka chakula," alimwambia mumewe.

Fundi bomba hakusikia chochote zaidi ya nyumba kuwa yake peke yake. Mwenye masikio alikuwa Msusi. Alimtazama wifi, na wifi akainamia sahani ya mtoto wake mdogo, akaanza kumlisha mtoto ambaye alikuwa na umri wa kujilisha.

Asubuhi ya kuondoka, kwenye kituo cha basi, wifi alimshika Msusi mkono hakutaka kuuachia. "Ungekuwa wewe," alisema, "mwenye watoto watatu. Ungefanyaje?" Basi likaanza kuunguruma, Msusi akapanda.

Walipofika kwao alijaribu kuishika ile sheria ya kazi. Alishindwa. Maziwa yalikuwa bado hayajachemka akawa ameshamwambia mumewe kila kitu, kilemba, vijishungi, kidole.

"Dada yangu tangu utotoni ni mgonjwa mgonjwa," fundi bomba alisema.

"Na wale wengine? Bonde zima ni dada zako?"

"Wanawake wakijifunga vilemba imekuwa ugonjwa? Mama watoto, wewe si ndiye uliyeniambia nikae mlangoni nihesabu wapita njia? Nimeacha kuhesabu. Nimepata kazi, nimempa shemeji neno langu. Lori linakuja Jumamosi."

"Hutaki kunisikiliza."

"Nilikusikiliza mwanzo. Ndiyo maana tunahama."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nani aliyechagua rangi ya ukuta? Alilia nyuma ya pazia, akakasirika, akanuna, akafunga vyombo. Mume alikuwa amefurahi kiasi kwamba alikuwa anambeba Kibonge mabegani kila saa, na Msusi akaanza kujiuliza kama kweli kichwa cha mtu mmoja kinatosha kuwanyima watu wanne maisha. Alipochoka kabisa kugombana, akajiambia, labda. Labda ni maradhi yake yeye.

Jumamosi lori lilikuja mapema. Fundi bomba na dereva wakaanza kutoa vitanda. Kioo kilichopasuka kiliondoka ukutani, benchi likaondoka. Msusi akabakiza kigoda kimoja.

"Njoo," alimwambia binti. "Huwezi kusafiri na nywele za likizo. Nakufumua."

"Tukishahama, mama."

"Sasa hivi."

"Mama tafadhali, tukishahama!" Na binti akaanza kulia, yeye ambaye hajawahi kulia mikononi mwa mama yake.

Msusi alimkalisha katikati ya magoti. Alikata uzi wa mstari wa kwanza kisogoni, akaingiza ncha ya chanuo, akafumua kidogo, akavuta polepole kama alivyozoea. Mstari ukanyanyuka. Wote. Ukatoka kisogoni mpaka kwenye paji ukiwa mzima, umesukwa vilevile, na mizizi yake midogo myeupe upande wa chini. Chini yake palibaki njia tupu ya ngozi yenye rangi mbili. Nywele zilizokufa zilikuwa zimeshikwa na msuko wenyewe, na zile ncha za uzi, na ule mkono mwepesi uliokaza vizuri.

Msusi aliuweka mstari kwenye paja lake. Akashika wa pili.

"Wala hainiumi, mama," binti alisema kwa sauti ndogo. "Usilie. Hainiumi kabisa."

"Ulijua?"

"Zilikuwa zinaanguka kwenye mto, zile za pembeni. Shangazi alikuwa anaziokota kabla sijaamka. Alisema nisikubali unifumue mpaka tuwe tumeshahama. Alisema ukiona utaghairi, na chumba changu nitakikosa."

Fundi bomba aliingia na kamba mkononi. "Mama watoto, hii itatosha kwa..." Msusi alimpa ile mistari miwili, akaiweka juu ya kiganja chake kinachonuka kutu. Fundi bomba aliitazama, akamtazama mtoto kisogoni, akapiga magoti sakafuni na kumkumbatia binti pamoja na kigoda. Alikuwa anasema samahani, samahani, kama mtu aliyemkanyaga mtu gizani. Kisha akatoka nje, na Msusi akamsikia akimwambia dereva ashushe vitanda.

Simu ikaita. Alikuwa wifi, sauti imechangamka. "Mko wapi? Mmeshaondoka? Sisi tumeshafunga mizigo!"

"Wifi," Msusi alisema, "nimemfumua mtoto."

Msusi alikuwa na matusi tayari mdomoni, mengi, ya kuanzia utoto wa wifi mpaka kaburi lake. Halafu akasikia mwanamke anavuta kamasi.

"Na wangu je?" wifi alisema. "Niambie. Wangu watatokaje?"

Msusi aliangalia chumba kilichobaki wazi, ukuta wenye alama ya kioo, binti amejishika kichwa kwa mikono miwili. Matusi yalimwishia.

"Walete," alisema. "Watatu wote. Tutalala hata tumesimama. Acheni nyumba, acheni mizigo, tokeni leo."

Wifi alianza kusema kitu. Nyuma yake kikalia king'ora, kifupi, kama cha kubadilisha zamu.

"Ngoja kidogo, wifi," alisema, kwa ile sauti ya mazoea. "Ngoja nifunge dirisha."

Hakukata simu. Msusi aliibana sikioni, akasikia komeo, kisha miguu midogo ikikimbia sakafuni kutafuta tambara.